Je, wajua kwa nini kivuli cha mti kinaburudisha kuliko kivuli cha bati?

Saa saba mchana, Februari, Dar es Salaam. Kituo cha daladala kina paa zuri la bati, lakini abiria wamelikimbia. Wamejibana chini ya mwarobaini ng'ambo ya barabara. Gari likija watavuka mbio. Waulize, watakwambia pale kituoni kuna moto. Ajabu ni kwamba ukipima joto la hewa pande zote mbili, huenda usikute tofauti kubwa. Sasa moto huo unatoka wapi?

Unatoka juu, kwenye bati lenyewe. Mwili hausikii joto la hewa peke yake. Unapokea pia mionzi ya joto kutoka kwa kila kitu kilichouzunguka. Aliyewahi kuchoma mahindi analijua hilo: uso unaungua, mgongo hauna habari, na hewa ni ileile. Bati la jua la utosi, hasa kuukuu lenye kutu, huweza kupita nyuzi joto 60. Linakukinga na jua, kisha lenyewe linageuka jua dogo juu ya kichwa chako.

Jani halifiki huko. Mti hunyonya maji ardhini na kuyatoa kama mvuke kupitia vitundu vya majani, na mvuke ule huondoka na joto. Si joto dogo: linalotumika kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke lingetosha kuchemsha kama lita saba za maji ya bomba. Isitoshe, majani yamepangana tabaka juu ya tabaka. La juu hupigwa na jua, la chini hukaa kivulini kama wewe, na upepo hupita katikati.

Ndiyo maana wanaobuni maeneo ya umma katika miji yenye joto kali hawaanzi na feni. Huanza kwa kuuliza: mtu akisimama hapa, nini kinamchoma? Mara nyingi jibu ni lami na zege, vitu vinavyokunywa jua mchana kutwa na kulitoa taratibu usiku, hata kuta za nyumba zikawa bado na vuguvugu wakati wa kulala.

Sevilla, kusini mwa Hispania, ni mji uliolifanyia kazi swali hilo kwa muda mrefu. Kiangazi chao huvuka nyuzi 40. Mitaa ya maduka hutandikiwa vitambaa vikubwa juu, kutoka paa hadi paa. Walipoandaa maonyesho ya dunia ya mwaka 1992 kisiwani Cartuja, walitumia mimea, mabwawa na manyunyu laini ya maji ili wageni waweze kutembea mchana. Miaka ya karibuni, hapohapo Cartuja, wamejenga mradi uliochukua wazo la qanat, mifereji ya chini ya ardhi ya Uajemi ya kale. Usiku maji hupozwa juu ya paa, yanahifadhiwa chini, na mchana hutumika kupoza hewa inayopulizwa wanapokaa watu.

Lakini kabla hatujaagiza manyunyu ya Sevilla kwa ajili ya Kariakoo, tusubiri kidogo. Hewa ya Sevilla ni kavu, kwa hiyo tone la maji huvukizwa upesi na kuchukua joto. Hewa ya pwani yetu imeshajaa unyevu. Wakati wa kaskazi jasho lenyewe halikauki, linachuruzika tu. Ukiongeza manyunyu unaongeza fukuto. Kwetu dawa ni kivuli na upepo.

Waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar walilijua hilo. Vichochoro ni vyembamba na nyumba ni ndefu, hivyo jua hugusa njia kwa muda mfupi tu. Kuta ni nene, za mawe na chokaa. Nje ya mlango kuna baraza, na baraza ile imekaa upande wenye kivuli kwa saa nyingi za mchana, ndiyo maana mazungumzo hayaishi. Sisi tulipopata magari tulitanua barabara, tukakata miti, kisha tukashangaa hapapitiki kwa miguu.

Freetown, Sierra Leone, mji mwingine wa pwani yenye unyevu, umekwenda njia ya kivuli: baadhi ya masoko ya wazi yamefunikwa kwa paa zinazorudisha mwanga wa jua, ili wanawake wanaouza samaki na mboga wasikae juani tangu asubuhi.

Na pale ambapo hakuna budi ila bati? Lipake rangi nyeupe. Liinue, ili upepo upite na hewa moto itoke. Kisha weka dari chini yake, hata ya makuti au mkeka, ukiacha nafasi katikati. Bati litaendelea kuchemka, ila joto lake litaishia kwenye mkeka kabla ya kufika utosini.