Kuvu ya Mkate Haitoki Tanurini

Kila masika yakiingia, malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi wa chakula yanafanana. Mkate wa slesi umenunuliwa Jumatatu; Jumatano asubuhi chai iko mezani, paketi inafunguliwa, mkate una madoa ya kijani. Hapo hapo analaumiwa muokaji: katia unga wa zamani. Mara nyingi anasingiziwa.

Mkate ukiiva, joto la katikati yake hukaribia nyuzi 95 za Selsiasi, na mbegu za kuvu hazilistahimili. Zinaingia baadaye, mkate unapopozwa, unapokatwa slesi na unapotiwa mfukoni. Mbegu hizo huelea hewani kama vumbi, na hakuna nyumba isiyokuwa nazo. Zinangoja maji na joto tu, navyo Unguja na Pemba havijapatapo kuadimika. Zaidi ya thuluthi moja ya uzito wa mkate laini ni maji, na nailoni inayazuia yasitoke. Ndiyo maana mkate wa boflo, wenye ganda kavu na usiofungwa, huwa mgumu kabla haujaota kuvu, lakini wa slesi huota kuvu ungali laini. Mkate wa ufuta tuuache, huo haulali.

Mkate wa slesi ukifungwa ungali na joto, mvuke wake hugeuka matone ndani ya mfuko. Ndivyo inavyokuwa pia kwa paketi zinazopangwa barazani mwa duka zikapigwa na jua mchana kutwa, kisha usiku zikapoa. Kwa hiyo kabla hujalipa, inyanyue paketi uitazame kwenye mwanga. Ukiona nailoni imelowa kwa ndani, irudishe, hata kama tarehe ya mwisho iko mbali. Tarehe ile imehesabiwa kwa mkate uliohifadhiwa vizuri.

Viwanda vingi hutia kalsiamu propionati, dawa inayoichelewesha kuvu. Mkate usiotiwa dawa hiyo si mbovu, ila unataka kuliwa upesi.

Nyumbani, wengi wetu hukimbilia friji. Kuvu itachelewa kweli, lakini mkate utakuwa mgumu upesi kuliko ungebaki kabatini, kwa sababu wanga ulioiva hukakamaa haraka zaidi kwenye ubaridi wa friji. Kama utauchoma, haidhuru. Friza ni bora: gawa slesi za kutosha siku moja moja, funga vizuri, utoe za leo tu. Asiye na friza anunue wa siku mbili, auweke pakavu penye kivuli, mbali na jiko na mvuke wa birika, na asitie mkono wenye maji ndani ya paketi. Tena mkate mpya usiutie kwenye chombo kilichokuwa na mkate ulioota kuvu kabla hujakiosha, ukakipangusa kwa siki na kukikausha. Makombo yake yamejaa mbegu.

Ukishaota, usikate doa ukala kilichobaki. Doa ni sehemu inayoonekana tu. Nyuzi za kuvu zimeshapenya ndani, na baadhi ya kuvu hutoa sumu ambayo hata ukiuchoma mkate haiondoki. Usiunuse, kwani mbegu zitakuingia puani, na usiwatupie kuku. Ufunge mfukoni, uutupe.

Kuna kasoro moja tu ambayo tanuri haiimalizi. Mkate hauna doa lolote, lakini unanuka kama nanasi lililoiva kupita kiasi, na ukiumega katikati unanata na kuvutika nyuzi. Hiyo si kuvu. Ni bakteria wanaotoka kwenye unga, wenye mbegu ngumu zinazopona ndani ya joto la tanuri, kisha wakazaliana mkate unapokaa kwenye fukuto. Mkate huo usile. Tuletee pamoja na paketi yake, yenye jina la kiwanda na tarehe ya kuokwa. Kwa huo, muokaji tutamwendea.