Urefu wa wimbi na frikwensi: kutoka namba moja kwenda nyingine

Urefu wa wimbi ni umbali kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata. Frikwensi ni idadi ya vilele vinavyopita mahali pamoja kwa sekunde, na kipimo chake ni hezi, kwa jina la Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1880 kwamba mawimbi ya redio yapo kweli. Vilele vitano vikipita kwa sekunde moja, hiyo ni hezi 5. Kama kila kilele kimeachana na mwenzake mita 2, basi ndani ya sekunde hiyo wimbi limesonga mita 10. Kanuni yote ndiyo hiyo: kasi ni sawa na urefu wa wimbi mara frikwensi. Ukiutaka urefu, gawanya kasi kwa frikwensi; ukiitaka frikwensi, gawanya kasi kwa urefu.

Kugawanya hakumshindi mtu. Kinachokwamisha ni ile namba ya tatu, kasi, ambayo mara nyingi haitajwi kabisa. Msomaji anaachiwa aijue mwenyewe.

Kwa redio na mwanga unaopita kwenye ombwe (mahali pasipo hata hewa), kasi ni mita 299,792,458 kwa sekunde kamili. Haina desimali kwa sababu tangu 1983 mita yenyewe inafafanuliwa kwa kutumia namba hiyo. Kwa kazi za kawaida chukua milioni 300, na hewani tofauti haionekani. Mafundi wa redio hawahangaiki na sifuri zote hizo: wanachukua 300 wakagawanya kwa megahezi (hezi milioni), jibu linatoka kwa mita. Stesheni ya FM iliyo kwenye megahezi 100 ina wimbi la mita 3, na antena ya robo wimbi inakuwa sentimita 75 hivi. Kwa gigahezi (hezi bilioni), anza na 30 upate sentimita: oveni ya maikrowevu hutumia gigahezi 2.45, yaani wimbi la sentimita 12 na kidogo. Kwa mwanga, gawanya 300,000 kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) upate terahezi (hezi trilioni). Kijani cha nanomita 550 ni terahezi 545.

Sauti ina kasi yake. Katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo noti ya hezi 440, ile ambayo wanamuziki huitumia kulinganisha vyombo, ina urefu wa sentimita 78. Noti hiyohiyo ikipita majini, ambako sauti hukimbia karibu mita 1,480 kwa sekunde, urefu unafika mita 3.4. Frikwensi haikuguswa. Imepangwa na chanzo, na maji hayawezi kupokea vilele 440 kwa sekunde kisha yakapitisha 300; vingine vingeenda wapi? Wimbi likivuka kutoka kitu kimoja kwenda kingine, kinachobadilika ni kasi na urefu.

Mwanga nao ni hivyohivyo, ila wenyewe majini hupungua kasi. Kile kijani cha nanomita 550 kikiingia majini urefu wake unagawanywa kwa 1.33, kiasi kilekile ambacho kasi imepungua, na kubaki nanomita 413 hivi. Ukiitafuta namba hiyo kwenye chati ya rangi utaambiwa ni zambarau. Lakini mpiga mbizi haoni zambarau, anaona kijani, kwa kuwa frikwensi bado ni terahezi 545. Isitoshe, jicho lenyewe limejaa majimaji, hivyo hata nchi kavu mwanga hufika nyuma ya jicho ukiwa umeshafupishwa. Chati za rangi huandikwa kwa urefu wa wimbi katika ombwe au hewa, na ni vyema kulikumbuka hilo kila unapozisoma.

Kuna mahali ambapo mambo hugeuka: ndani ya bomba. Kwenye filimbi, urefu wa wimbi umefungwa na urefu wa bomba, kwa hiyo kasi ikibadilika, frikwensi ndiyo inayosogea. Filimbi iliyolinganishwa kwa hezi 440 katika nyuzi 20, hewa iliyo ndani yake ikishuka hadi nyuzi sifuri, ambapo sauti huenda mita 331 kwa sekunde, itatoa karibu hezi 425. Sikio la mwanamuziki litaikataa mara moja. Kabla ya kugawanya, basi, jiulize ni kipi kimeshikiliwa na ni kipi kiko huru.

Mtego mwingine huwanasa hata wazoefu: kubadilisha upana, yaani kipande cha mawimbi kutoka urefu mmoja hadi mwingine, kuwa frikwensi. Nanomita 1 haina thamani moja ya frikwensi kila mahali. Karibu na nanomita 500, upana wa nanomita 1 ni sawa na gigahezi 1,200 hivi. Karibu na nanomita 1,550, eneo linalotumika sana kwenye nyaya za faiba, nanomita hiyohiyo ni gigahezi 125 tu. Upana unategemea mraba wa urefu: zidisha kasi kwa upana, kisha gawanya kwa urefu wa wimbi, halafu gawanya tena kwa urefu huohuo. Ndiyo sababu mchoro wa mwanga wa jua ukichorwa kwa urefu wa wimbi unafika kilele karibu na nanomita 500, ila ukichorwa kwa frikwensi kilele kinaangukia karibu na terahezi 340, ambayo ukiigeuza ni kama nanomita 880, nje ya mwanga tunaouona. Michoro yote miwili ni sahihi. Imegawa tu mwanga uleule kwa vipande visivyolingana.

Mawimbi ya bahari kuu ndiyo yenye ukaidi zaidi, maana kasi yao inategemea urefu wao wenyewe. Hapo huwezi kushika kasi moja ukagawanya. Badala yake, chukua sekunde kati ya kilele na kilele, zizidishe kwa zenyewe, kisha mara 1.56, upate mita. Wimbi la sekunde 5 lina mita 39. La sekunde 10 lina mita 156, mara nne yake.