Tuache Kusingizia Ukali wa Mama wa Kikorea

Kila presha ya masomo Korea Kusini ikitajwa, lazima atokee mtu aseme, "Wazazi wa kule ni wakali." Wazazi wakali wako hata Tandahimba. Anzeni na karatasi ya matokeo.

Suneung, mtihani wa kuingilia chuo, hufanyika Novemba. Ndege kuzuiwa wakati wa kusikiliza Kiingereza, polisi kuwawahisha waliochelewa mtihanini: ni kweli, mmeshasoma, tupite. Kiini ni madaraja 9. Kwenye Kikorea na hesabu, daraja la 1 ni la asilimia 4 ya juu tu. La 2, asilimia 7 wanaofuata. La 3, asilimia 12. Kidato cha nne Tanzania, 75 ni A hata nusu ya nchi ikiipata. Kule mtoto anaweza kuongeza alama 10 na daraja lisisogee, kwa kuwa wenzake nao wameongeza. Kiingereza kiliondolewa kwenye mchuano huo Novemba 2017, ukifika 90 ni daraja la 1, nami sioni kama presha ilipungua. Nadhani ilihamia hesabu.

Kwa hiyo "umepata ngapi?" halitoshi. Swali ni "wenzako je?" Hapo ndipo anapoingia eomchina, kifupi cha "mtoto wa kiume wa rafiki wa mama". Anafaulu, ana adabu, sura nzuri, na pengine hujawahi kumwona. Mama hahitaji kugombeza. Anakusogezea samaki, anasema fulani kaingia udaktari, anaendelea kula. Mama mpole kuliko wote anaweza hilo.

Neno linalonisumbua ni chemyeon. Nimezoea kulitafsiri "aibu", na sasa naona napotosha. Aibu humpata aliyekosa. Chemyeon ni heshima ya kusimama nayo mbele za watu, na mtoto akiteleza anaweza kuipoteza mama ambaye hakufanya mtihani wowote. "Uso umeumbwa na haya" inakaribia zaidi, ila uso wenyewe ni wa nyumba nzima.

Na hapana, kufeli si mwisho wa maisha. Anayerudia mwaka ni jaesusaeng, wa mara ya tatu ni samsusaeng, na shule za udaktari wamo wengi. Kuna hagwon, yaani vituo binafsi vya tuisheni, za bweni kwa ajili yao, simu zinakusanywa mlangoni, na ada inalipwa na mama yuleyule mnayemwita mkali.