Metali tupu kwenye ndege za modeli ni nini?

Waundaji wa ndege za modeli wakisema "metali tupu" wanamaanisha mwonekano wa ndege ambayo haikupakwa rangi, bati lake la alumini likiwa wazi juani. Modeli yenyewe ni plastiki, kwa hiyo kazi yote ni kuifanya plastiki ipokee mwanga na kuurudisha kama alumini inavyofanya. Kupaka rangi ya fedha ni jambo jingine kabisa. Chukua kopo la rangi ya fedha ya kawaida, ipake kwa brashi, na utapata ndege ya kijivu yenye chenga zinazometameta. Mtoto ataifurahia, lakini hakuna atakayedhani ni bati.

Sababu iko ndani ya rangi. Rangi ya metali ni vipande vidogo bapa vya alumini vinavyoelea kwenye kimiminika. Rangi ikikauka huku vipande vimelala bapa, kimoja ubavuni mwa kingine, mwanga unarudi kwa pamoja na jicho linaona bati. Vikikauka vimekaa ovyo, kila kimoja kinatupa mwanga upande wake, na jicho linaona unga. Ukubwa wao nao una hesabu yake. Kwenye modeli ya kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, chembe yenye upana wa milimita 0.1 inalingana na doa la milimita 7 na kitu kwenye ndege halisi. Hakuna ndege iliyotoka kiwandani na madoa ya namna hiyo. Ndiyo maana kuna rangi za kazi hii maalumu, kama Alclad II, ambayo ni laka (rangi ya kemikali kali, si ya maji), na Vallejo Metal Color, ambayo ni ya maji. Chembe zake zimesagwa laini mno, na rangi yenyewe ni nyepesi kiasi kwamba inapulizwa bila kuongezwa thina. (Laka ipulizwe penye hewa ya kutosha, na barakoa ya kuchuja kemikali usoni. Ile ya kitambaa haizuii mvuke.)

Wepesi huo una gharama: rangi haifichi chochote. Mkwaruzo wa msasa namba 400, ambao rangi ya kawaida ingeufunika bila wewe kujua, utatokeza kama ufa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inafanyika kabla kopo halijafunguliwa. Viungo vinajazwa puti na kusawazishwa, kisha msasa unapanda hatua kwa hatua, namba 1000, 2000, 4000, mpaka plastiki yenyewe ianze kung'aa. Kipimo kizuri ni taa ya mezani. Shika kiwiliwili cha ndege karibu na taa, kizungushe polepole, na ufuate mstari wa mwanga unaotembea juu yake. Mstari ukivunjika au kujikunja unapovuka kiungo, hapo pana bonde au kinundu, hata kama kidole hakikuhisi kitu. Rudi kwenye msasa. Mwishowe ifute modeli yote, kwa sababu mafuta ya vidole nayo yataonekana.

Juu ya plastiki hiyo hutangulia praima, rangi ya kwanza inayosaidia nyingine kushika, kisha mara nyingi rangi nyeusi ya kung'aa. Wageni wa kazi hii hushangaa kwa nini nyeusi. Tabaka la metali ni jembamba mno, na mwanga fulani hupenya katikati ya vipande vyake. Chini pakiwa peusi, mwanga huo unamezwa, na kinachobaki ni ule ulioakisiwa na metali peke yake, wenye kina na ukali wa kioo. Chini pakiwa pa kijivu, metali hutoka ya maziwamaziwa. Lakini sikubaliani na wanaoifanya nyeusi kuwa sheria ya kila ndege. Inafaa kwa ndege iliyosuguliwa ikang'aa sana. Ndege ya kivita iliyolala nje usiku kucha na kukanyagwa na mafundi wenye buti inahitaji msingi wa kijivu, au nyeusi isiyong'aa sana. Vyovyote uchaguavyo, acha msingi ukauke hadi ndani. Laka juu ya msingi mbichi huung'ata, na uso uliokuwa kioo unageuka ukungu.

Kupuliza kwenyewe hakuna maneno mengi. Shinikizo liwe dogo, pauni 12 hadi 15 kwa inchi ya mraba, kipulizio (kalamu ya kupuliza rangi kwa hewa) kiwe karibu, na kila mpito uwe mwembamba kiasi cha kukutia shaka kama kuna rangi inayotoka. Gumu ni kujua pa kuacha. Nyeusi ikishageuka metali, mkono unatamani kuongeza kidogo tu, na kidogo hicho ndicho kinachorundika vipande na kurudisha zile chenga.

Hapo umepata metali. Bado hujapata ndege, maana ndege halisi haikuwa na metali moja. Tazama P-51 Mustang, ndege ya kivita ya Marekani. Mwanzoni mwa 1944 jeshi la anga la Marekani liliacha kupaka rangi za kujificha ndege zake nyingi, kwa kuwa rangi ni uzito na ni muda wa kiwanda, na Mustang nyingi zikaanza kuonekana zinang'aa. Ila mabawa yake hayakuwa metali tupu. Ili hewa ipite kwa ulaini, mistari na ribiti (pini za kuunganishia bati) za bawa zilijazwa puti, kisha bawa likapakwa laka ya rangi ya alumini. Usukani wa mkia ulikuwa wa kitambaa kilichopakwa rangi ya fedha. Kwa hiyo Mustang iliyong'arishwa sawasawa kuanzia pua hadi mkia ina kosa, hata kama kazi ya mkono ni safi. Kwa mabawa hayo, ile rangi ya fedha ya makopo tuliyoidharau inakaribia ukweli zaidi. B-36, ndege ya kudondosha mabomu, nayo ilikuwa na sehemu za bati la magnesiamu, zilizofifia kando ya alumini inayong'aa, na mpaka wake unaonekana wazi pichani. Kwenye ndege ya kivita ya jeti F-100 Super Sabre, joto la injini liliuchoma mkia ukatoka rangi ya majani makavu, zambarau na bluu.

Njia ya kuonyesha hayo ni kuziba sehemu kwa tepu na kupuliza bamba moja moja kwa rangi iliyokoza au kufifia kidogo. Kidogo. Modeli nyingi zinazosifiwa zinafanana na ubao wa dama, kila bamba na rangi yake, wakati bati la ndege lilitoka kiwanda kimoja na tofauti yake inategemea pembe unayotazama. Picha za enzi hizo ni mwalimu bora kuliko modeli ya mwenzako. Tepu ibandikwe kwanza kiganjani mara mbili tatu ipunguze gundi, isije ikang'oa rangi.

Mng'ao nao una kipimo. American Airlines ilitembeza ndege zenye alumini iliyosuguliwa hadi ilipobadilisha mwonekano wake 2013, na modeli ya ndege hizo inastahili kuakisi uso wako. Ndege ya vita, sivyo. Alumini ikikaa nje hujifunika utando wa oksidi na kufifia.

Vanishi ni mtihani wa mwisho. Ukiipuliza juu ya metali, sehemu ya mwanga huishia kwenye vanishi na metali inarudi kuwa rangi ya kijivu. Wengi huiacha kabisa, wakakata stika za maji (zile za alama na namba za ndege, zinazobandikwa zikiwa zimeloweshwa) karibu sana na alama ili utando wake usionekane. Ukilazimika kuitumia, jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki kilichopakwa tabaka zilezile kwa mpangilio uleule.

Kwa asiyetaka rangi kabisa, ipo karatasi nyembamba ya alumini yenye gundi, kama Bare-Metal Foil. Hukatwa bamba kwa bamba na kusuguliwa kwa kijiti laini hadi ishike mistari yote. Hiyo ni metali kweli, na hakuna rangi inayoifikia. Penye mpindo wa pande mbili, kama ncha ya bawa au pua ya injini, karatasi hukunjamana, na sehemu hizo hurudishwa kwenye kipulizio.