Kioo cheusi zaidi hakimaanishi mng'ao kidogo

Wengi tunaamini kwamba miwani ya jua kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyozuia mng'ao, na kwamba ile ya polaraizi ni nyeusi tu kupita nyingine. Si ajabu, kwa macho zinafanana.

Kioo cheusi hupunguza mwanga wote kwa pamoja. Polaraizi huchagua. Mwanga ukigonga maji au lami iliyolowa, sehemu kubwa ya ule unaorudi hutetema kwa ulalo; kichujio huuzuia huo na kupitisha unaotetema kwa wima. Ndipo unapoyaona mawe yaliyo chini ya maji.

Na rangi? Majani hukolea kwa sababu utando mweupe wa mng'ao umeondoka. Ukiona kila kitu kina ukahawia, hiyo ni rangi ya kioo chenyewe.

Jaribu mwenyewe: tazama mng'ao wa maji kupitia kioo kimoja, kisha kizungushe taratibu robo mzunguko. Mng'ao ukirudi, ni polaraizi kweli. Usipobadilika, ni kioo cha kawaida.

Kinga ya miali ya urujuanimno ni jambo jingine kabisa, na kwangu ndilo kubwa zaidi: tafuta miwani yenye kiwango cha UV400, yaani inayozuia karibu miali hiyo yote.