Haruo Nakajima, mtu aliyeubeba uzito wa Godzilla

Zoezi la kwanza ninalowapa wanafunzi wangu wa miondoko ya jukwaani ni kutembea bila kuonyesha unyayo. Hurushi mguu mbele, hunyanyui kisigino nyuma. Unauburuta mguu karibu na sakafu, kisha unaukanyaga wote kwa pamoja. Baada ya dakika kumi mapaja yanawaka moto, na vijana wembamba kabisa wanaanza kuonekana wazito. Zoezi hilo nimelichukua kwa Haruo Nakajima, mwigizaji wa Kijapani aliyekuwa ndani ya vazi la Godzilla, dubwana la filamu, naye alilichukua kwa tembo wa bustani ya wanyama ya Ueno, Tokyo, alikokwenda mwaka 1954 kuwatazama wanyama wakubwa wanavyotembea.

Nakajima alizaliwa Sakata, mkoani Yamagata, tarehe 1 Januari 1929. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akipewa vipande vidogo vidogo kwenye studio ya Toho: mtu wa kuanguka, mtu wa kupigwa, mtu wa kufa mapema. Mwaka 1953, katika filamu ya vita ya muongozaji Ishiro Honda, aliigiza rubani na kukubali kuwashwa moto mbele ya kamera. Mwaka uliofuata Honda na Eiji Tsuburaya, gwiji wa mbinu za kamera, walihitaji mtu wa kuingia ndani ya dubwana lao jipya, Godzilla. Tsuburaya alitamani kutumia kikaragosi kinachopigwa picha moja baada ya nyingine, kama ilivyofanywa kwa King Kong, sokwe jitu wa filamu ya 1933, lakini kazi hiyo ingekula miaka. Ikabidi awe mtu ndani ya vazi.

Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa karibu kilo 100, limeundwa kwa waya, mianzi na mpira, nalo halikujikunja. Nakajima alipiga hatua chache tu akaanguka. Mafundi wakalikata vipande viwili, miguu ikatumika kwa picha za miguu peke yake, wakashona jingine jepesi zaidi. Hata hilo jepesi halikuwa la mchezo. Aliona kupitia matundu madogo shingoni, na baada ya kila zamu jasho lilimwagwa kutoka ndani ya vazi. Kazi hiyo waligawana na mwenzake, Katsumi Tezuka, ila sehemu kubwa aliibeba yeye.

Watazamaji wengi hawajui joto hilo lilitoka wapi, wala ugumu wa kazi ya kuigiza ndani yake, kwa hiyo naomba nilieleze kwa utulivu. Godzilla wa 1954 alikusudiwa kuwa na urefu wa mita 50. Mji wa Tokyo ulijengwa studio kwa kipimo cha moja kwa 25, ili dubwana liwe na mita 2 hivi, kimo cha mtu aliyevaa kichwa cha bandia. Sasa, kitu kikidondoka kutoka mita 50 huchukua zaidi kidogo ya sekunde 3 kufika chini. Kikidondoka kutoka mita 2 huchukua kama sekunde 0.6. Jicho letu linalijua hilo bila kufundishwa. Ukuta ukianguka upesi mno, tunatambua mara moja kwamba ni kisanduku. Dawa yake ni kuiendesha kamera kwa kasi kubwa kuliko kawaida, kisha kuonyesha filamu kwa mwendo wa kawaida wa fremu (picha) 24 kwa sekunde, ili kila kitu kionekane kinakwenda polepole. Lakini kamera ikienda kasi, kila fremu inapata mwanga kidogo, kwa hiyo taa zinaongezwa, na aliye ndani ya mpira anaivia humo.

Na bado hapo hajaanza kuigiza. Akitembea polepole kama jitu, kwenye pazia ataonekana amelala, maana kamera itampunguzia mwendo mara ya pili. Akitembea kama mtu, uzito unapotea. Anapaswa kuwa na saa mbili kichwani, moja ya studio na moja ya pazia, huku haoni vizuri, hasikii vizuri, na hana uso wa kumsaidia. Anabaki na uti wa mgongo, mabega na miguu. Ndiyo maana ninapomsikia mtu akisema Nakajima “alivaa vazi tu”, naumia kweli. Uigizaji ule ni mgumu kuliko wa steringi yeyote anayelia mbele ya kamera.

Alimwigiza Godzilla katika filamu 12 mfululizo, hadi 1972, ingawa katika ile ya 1967 sini nyingi zilifanywa na wengine kwa sababu vazi la safari hiyo lilikuwa kubwa. Katikati akawa madubwana mengine, Rodan, Varan, Baragon, hata King Kong mwenyewe. Mwaka 1962, King Kong alipopambana na Godzilla, Tsuburaya alimwachia yeye na Shoichi Hirose wapange mapigano yao wenyewe, nao wakachota kwenye mieleka, iliyopendwa mno Japani wakati huo. Ukiitazama utaona Godzilla amebadilika: anapima umbali, anamchokoza mwenzake, anafurahia akimpata.

Tsuburaya alifariki Januari 1970. Studio ikaacha kuwaajiri waigizaji kwa mikataba ya kudumu, na Nakajima akahamishiwa kwenye ukumbi wa boling wa kampuni hiyohiyo. Aliaga dunia tarehe 7 Agosti 2017, akiwa na miaka 88.

Filamu yake ninayoirudia mara nyingi hata si ya Godzilla. Ni ya 1966, ya majitu mawili ndugu, ambamo yeye ni Gaira, yule wa kijani anayetoka baharini na kula watu. Vinyago vya filamu ile viliachwa wazi machoni, kwa hiyo macho unayoyaona ni ya Nakajima mwenyewe. Gaira anakimbia mbio, jambo ambalo Godzilla wa 1954 asingeweza. Anaogopa mwanga, na mwanga ukimpiga, macho yale yanatafuta pa kujificha kabla mwili haujageuka.