Muziki wa klasiki redioni sio dawa ya usingizi

Naandika hii kwa sababu nimesikia tena ile sentensi. "Nyie wa klasiki mna raha, mnaweka vitu vya kutuliza, mtu anasinzia, basi." Safari hii imetoka kwa mtu wa redio kabisa, anayejua kukaa hewani ni nini, ndo maana imeniuma zaidi. Kazi yangu ni kupanga wiki nzima ya vipindi vya klasiki kwenye redio ya umma, Jumatatu mpaka Jumapili, na kama kuna kitu kinaharibu wiki hiyo kabla haijaanza ni hiyo imani kwamba huu muziki upo ili watu watulie.

Nianze na mambo ya saa niyamalize haraka. Taarifa ya habari inaingia kila saa kamili, haimsubiri mtu. Simfoni ya Tisa ya Beethoven (simfoni ni kazi ndefu ya okestra, yenye sehemu kadhaa) kondakta mmoja, yaani kiongozi wa okestra, anaimaliza kwa dakika 63 hivi, mwingine anafika 74, na noti ni zilezile. Simfoni nyingi za Haydn na Mozart sehemu ya kwanza ina alama ya kurudia, kuna anayerudia na kuna anayepita moja kwa moja, hapo tu dakika kadhaa zimeshaondoka au zimeongezeka. Kwa hiyo hupangi jina la kazi, unapanga rekodi fulani, ya okestra fulani, ya mwaka fulani. Tamasha la moja kwa moja ndo balaa zaidi, kondakta akichelewa kutoka nyuma ya jukwaa mtangazaji lazima awe na la kusema, tena la maana. Hayo tunayazoea.

Sasa turudi kwenye hiyo "kutuliza". Tarehe 9 Agosti 1942, mji wa Leningrad huko Urusi umezingirwa na Wajerumani tangu Septemba mwaka uliotangulia, watu wamekufa njaa mitaani, na okestra inayopiga Simfoni ya Saba ya mtunzi Mrusi Shostakovich ni okestra ya redio, Okestra ya Redio ya Leningrad, kondakta Karl Eliasberg. Wapigaji walikuwa wamepungua sana, wengine wamefariki, wengine hawana nguvu za kupuliza tarumbeta, ikabidi waongezwe wanamuziki kutoka jeshini. Ikarushwa redioni na kwenye vipaza sauti, pamoja na vilivyoelekezwa kwa majeshi ya Wajerumani. Zaidi ya saa nzima ya muziki. Niambie hapo nani alikuwa anatulizwa. Halafu leo mtu anataka niikate dakika nane za katikati, zile za polepole, niziweke alasiri kwa ajili ya foleni za magari eti "zinapoza".

Au chukua Simfoni ya Sita ya Tchaikovsky, Mrusi mwingine. Aliiongoza mwenyewe Petersburg tarehe 28 Oktoba 1893 na siku tisa baadaye alikuwa amekufa. Sehemu ya tatu ni mwendo wa kijeshi, inapanda inapanda mpaka inalipuka, ukumbini watu mara nyingi wanapiga makofi kabisa wakidhani imekwisha. Haijaisha. Inakuja ya nne, ya polepole, inazama chini mpaka kwenye besi, na inafifia hapo. Tchaikovsky amekupandisha juu makusudi ili anguko liume. Sasa ukiniwekea hiyo sehemu ya nne peke yake katikati ya nyimbo laini za piano, umeiondoa kwenye kile kinachoifanya iwe na uzito, imebaki sauti nzuri ya huzuni, mtu anaendelea kupiga pasi. Kibaya ni kwamba ataipenda! Ataandika kushukuru. Na wakubwa wataniletea huo ujumbe kama ushahidi kwamba wao ndo walikuwa sahihi.

Watu wakisema "tulivu" mara nyingi wanachosikia ni sauti ya chini, na sauti ya chini sio utulivu, hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. Boléro ya Ravel ya 1928 inaanza na ngoma ndogo iko mbali huko hata huisikii vizuri, na robo saa baadaye okestra nzima iko juu ya kichwa chako, na uzuri wote wa ile kazi uko kwenye hiyo safari. Okestra kubwa inaweza kushuka mpaka desibeli 30 na kitu (ndo kipimo cha ukubwa wa sauti) na kupanda kupita 100. Gari likiwa barabarani ndani kuna kelele za desibeli 70 hivi za injini na matairi. Fanya hesabu mwenyewe, nusu ya muziki imezama chini ya kelele za gari. Mtu anaongeza volyumu, dakika kumi mbele tarumbeta zinamrukia, anazima, anapiga simu kugomba.

Ndo hapo mitambo inaingia. Kompresa inabana, ya chini inapandishwa na ya juu inashushwa, kila kitu kinakaa katikati. Msikilizaji wa kwenye gari anashukuru. Ila umeshamchezea Boléro ambayo haipandi, yaani ngazi imelazwa chini, unatembea juu yake tu. Na ukishabana hivyo kutwa nzima, kila kitu kikawa kwenye kimo kimoja, ndipo watu wanaposema klasiki yote inafanana na inaleta usingizi. Usingizi huo tumeutengeneza sisi wenyewe kwa mashine! Mi naomba mchana kompresa ifanye kazi kidogo na usiku ilegezwe kabisa, tamasha la jioni lipite na milima na mabonde yake. Mhandisi wa sauti anayejali anaelewa hii bila kuelezwa mara mbili.

Bado ukimya wenyewe. Stesheni nyingi zina mtambo unaosikilizia, ukimya ukizidi sekunde kadhaa unadhani kuna hitilafu na kurusha muziki wa akiba. Kwa redio ya maongezi ni sawa kabisa, kwetu unaweza kuingia katikati ya kipande kinachomalizikia chini sana. BBC Radio 3 walipotaka kurusha 4'33" ya John Cage mwaka 2004, ile kazi ya 1952 ambayo wapigaji hawapigi noti hata moja, ilibidi kwanza wauzime huo mtambo. Na mtangazaji naye ajue kunyamaza. Baada ya ile noti ya mwisho ya Tchaikovsky usiingie mbio na "naam, hiyo ilikuwa ni..." Subiri. Hesabu pumzi mbili tatu. Ukimya ule umeandikwa na mtunzi kama noti zingine zote.

Sasa niseme na pale ambapo mimi mwenyewe sina uhakika, kwa sababu wenzangu wengine wanaongea kama kuna sheria. Asubuhi naweka sehemu moja moja, dakika tano, dakika nane. Baada ya yote niliyosema hapo juu hii inanisumbua. Wapo wanaosema ni dhambi, kazi ichezwe nzima au isichezwe. Lakini Vienna tarehe 7 Mei 1824, siku ile Simfoni ya Tisa inasikika mara ya kwanza, kwenye tamasha hilohilo Beethoven alitoa sehemu tatu tu za Missa Solemnis, misa yake kubwa ya kwaya na okestra, hakuitoa yote. Kwa hiyo hiyo dini ya "nzima au hakuna" haijaanzia kwa watunzi wenyewe. Ninachojaribu ni sehemu ya asubuhi ifuatwe na kazi nzima jioni wiki hiyohiyo, mtu akionja Jumanne basi Alhamisi usiku aipate yote. Kama wanarudi kweli au najifariji tu, sijui niseme nini, na kila nikipanga wiki mpya swali linarudi palepale.

Na siwabezi wanaosikiliza ili watulie. Kuna mtu yuko zamu ya usiku, kuna anayeuguza, redio iko chini inamshika mkono, huyo siwezi kumwambia kaa wima usikilize Shostakovich. Usiku wa manane nampangia tofauti, kwateti za wapigaji wanne, piano, nyimbo za zamani za kwaya, na nampangia kwa uangalifu uleule. Ninachokataa ni huyo mmoja kugeuzwa kuwa msikilizaji wetu wote wa wiki nzima.

Jumamosi ni opera, na hapa hakuna anayeniambia habari za usingizi. Metropolitan Opera ya New York ilianza kurusha opera nzima tarehe 25 Desemba 1931, Hänsel und Gretel, na matangazo ya Jumamosi mchana yakawa desturi kwa vizazi. Ratiba yote inakubali kusogea. Opera ya Wagner ikitaka zaidi ya saa nne inapewa, michezo inahamishwa, na cha ajabu hakuna anayelalamika kwamba ni ndefu! Kumbe msikilizaji akiambiwa mapema kwamba leo tunakaa, anakaa.

Jumapili asubuhi ni kantata za Bach, kazi za waimbaji na okestra. Zimebaki kama 200 za kanisani na nyingi zina Jumapili yake kwenye kalenda ya Kilutheri, alikuwa anaandika Leipzig kwa ajili ya ibada ya wiki hiyo, masomo ya siku hiyo. Wengi wanaziokota tu kwa urefu, dakika ishirini na kitu zinajaza pengo vizuri. Mimi nafuata kalenda. Ile namba 140, Wachet auf, aliiandika 1731 kwa Jumapili ya 27 baada ya Utatu, na Jumapili hiyo haipo kila mwaka, inatokea tu Pasaka ikiwa imewahi sana. Kwa hiyo miaka mingi watu wananiomba namba 140 mwezi wa Novemba nami nawapa ya Jumapili husika, wananuna. Maneno yake ya kwanza kabisa ni "amkeni, sauti yatuita", walinzi wanapiga kelele usiku wa manane kwamba bwana harusi amefika. Na hiyo nayo nimeikuta kwenye plelisti ya kulalia.